Maziwa ya Papai na Kisu cha Mgongo

Kiswahili kimeupa mgongo kazi nyingi. Mtu akijitajirisha kwa jasho la wenzake, twasema amepanda kwa mgongo wao. Rafiki akitukimbia siku ya dhiki, twasema ametupa mgongo. Na wahenga, walipotaka kutuonya kwamba taabu ya mwingine huonekana nyepesi, walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Lakini mgongo wenyewe unapougua, maneno hutupungukia. Twasema tu kwamba unauma, kisha mkubwa mmoja katika ukoo huongeza neno linalokata mazungumzo: "Usikubali wakupasue mgongo, utapooza."

Neno hilo nimelisikia maisha yangu yote: Kahe nilikozaliwa, Moshi mjini nilikosoma, na hata katika chuo cha ualimu nilichokiongoza mpaka nilipostaafu. Si neno la wajinga. Nimelisikia kwa wakulima wa mpunga na kwa wakufunzi wenye shahada. Katika kurasa hizi nataka kulitafutia historia yake, nione lilitoka wapi, lilikuwa na haki kiasi gani, na kama bado linayo haki hiyo. Katika kutafuta nimekuta jambo ambalo sikulitarajia. Safari ya kukipunguza kisu cha mgongo ilipitia katika mti ambao kila mtoto wa Kahe anaujua, nao ni mpapai.

Kwanza niseme habari za migongo ya kwetu. Kahe ni tambarare ya joto chini ya Moshi. Walioko mlimani wana baridi na kahawa. Sisi tuna mito inayoshuka kutoka kwao, na tuna stesheni. Reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilipita hapa na kufika Moshi mwaka 1911. Mwezi Machi 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yalipigana na yale ya von Lettow-Vorbeck hapa hapa Kahe, na mwaka huo huo Waingereza wakaleta reli yao kutoka Voi kupitia Taveta, ikaungana na ile ya Wajerumani kwetu. Vitabu vya vita vile hueleza mizinga na majenerali. Lakini nyuma ya kila askari walikuwapo wapagazi, waliobeba risasi na unga mahali ambapo reli haikufika. Mtaa wa Kariakoo kule Dar es Salaam umebeba jina la kikosi chao mpaka leo.

Baada ya wapagazi wakaja wakata mkonge, na magenge ya reli waliobeba mataruma ya chuma mabegani. Wanawake wa mlimani hushuka tambarare kukata majani ya ng'ombe na kuyapandisha kichwani, juu ya ngata, mwendo wa saa kadhaa. Na tangu miaka ya 1980, mradi wa umwagiliaji ulipofika Chekereni, mpunga hupandikizwa huku mtu ameinama tangu alfajiri mpaka jua la utosi. Mtu akitaka kuandika historia ya nchi yetu kwa mgongo badala ya kalamu, Kahe ni mahali pazuri pa kuanzia.

Sasa hofu. Hofu ya kupasuliwa mgongo ilikuwa ya haki, tena ni ya zamani sana. Wamisri wa kale waliacha hati ya papirasi iliyoandikwa yapata miaka 1600 kabla ya Kristo, ambayo leo hujulikana kwa jina la Edwin Smith, Mmarekani aliyeinunua Luxor mwaka 1862. Humo ameelezwa mtu aliyeteguka pingili za shingo, asiyeihisi mikono wala miguu yake, na mkojo wamtoka bila kujijua. Mganga anaelekezwa aseme kuwa ugonjwa huo hautibiki. Mganga yule hakuwa mvivu wala mwoga. Alijua mpaka wa ujuzi wake, na akaona ni heri kusema ukweli kuliko kukata asichokijua.

Hata karne ya ishirini ilipoingia, mpaka ule haukusogea sana. Ili kuufikia uti wa mgongo, daktari alichana ngozi kwa mstari mrefu, akaibandua misuli kutoka kwenye mfupa pande zote mbili, kisha akavunja paa la pingili. Kabla ya penisilini kuenea katika miaka ya 1940, jeraha kubwa namna hiyo likiingia usaha, mgonjwa aliweza kufa kwa tiba badala ya ugonjwa. Tena mara nyingi daktari alifungua mgongo pasipo kujua kwa hakika atakuta nini. Aliyepooza baada ya hapo, watu wa nyumbani kwake hawakuuliza kama alikuwa amekwisha kuanza kupooza kabla ya kisu. Waliona aliingia akitembea na akatoka amebebwa. Uvumi huanza hivyo, na haukuwa uwongo.

Kwetu kulikuwa na chanzo kingine cha hofu hiyo, nacho ni kibyongo. Watoto wengi waliokuwa na nundu mgongoni hawakurogwa wala hawakudondoshwa na yaya. Walikuwa na kifua kikuu kilichoingia katika pingili na kuzila, ugonjwa ambao daktari Mwingereza Percivall Pott aliueleza mwaka 1779. Upande wa magharibi wa mlima wetu, huko Kibong'oto, hospitali ya kifua kikuu ilianzishwa mwaka 1926, wakati ambapo dawa ya ugonjwa huo haikuwapo popote duniani. Tiba ilikuwa hewa safi, chakula, na kulala. Mwenye kifua kikuu cha mgongo alilazwa kwa miezi mingi, pengine amefungwa plasta kama kobe.

Zilipopatikana dawa, madaktari wakabishana: alazwe, afungwe plasta, au apasuliwe? Kuanzia miaka ya 1960, Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza liliendesha majaribio Korea, Hong Kong na Bulawayo ili kulipima jambo hilo. Kule Korea ilionekana kwamba wagonjwa waliokunywa dawa zao sawasawa, huku wakitembea na kuishi makwao, walipona kama waliolazwa kitandani miezi sita, na kwamba koti la plasta halikuongeza faida. Upasuaji ukabaki kwa wachache wenye sababu maalumu. Nalitaja jambo hili mapema kwa kuwa limebeba fundisho la habari yote inayofuata: kisu hakikupungua kwa sababu madaktari waliingiwa na huruma. Kilipungua kwa sababu walijua zaidi.

Tuje kwenye ugonjwa unaowapata wengi zaidi leo. Kati ya pingili na pingili Mungu ameweka kitu kinachofanana na ngata. Madaktari hukiita diski. Kwa nje ni nyuzi ngumu zilizozungushwa tabaka juu ya tabaka, na ndani kuna kiini laini kama ute mzito. Kazi yake ndiyo ile ile ya ngata: kupokea uzito ili mfupa usisage mfupa. Nyuzi za nje zikichakaa au zikipasuka, kiini hupenya na kutokeza upande wa nyuma, mahali unapopita mshipa wa fahamu uendao mguuni. Ndiyo maana mtu mwenye ubovu kiunoni hulalamikia ndama ya mguu au kidole gumba, naye hashangai peke yake, kwani hata madaktari walishangaa muda mrefu.

Kwa miaka mingi wapasuaji waliokikuta kinyama hicho walidhani ni uvimbe wa kawaida. Ni mwaka 1934, kule Boston, ambapo William Mixter na Joseph Barr walichapisha maelezo yaliyoonyesha kwamba "uvimbe" ule ni diski iliyopasuka, na kwamba ukiuondoa, maumivu ya mguu huondoka. Tangu siku hiyo mpasuaji alijua anachokitafuta. Lakini njia ya kukifikia ilibaki ile ile ndefu, ya kubandua misuli na kuvunja mfupa, kwa ajili ya kipande ambacho mara nyingi si kikubwa kuliko punje ya harage. Ni kama kubomoa ukuta wa nyumba ili kumtoa panya mmoja.

Hapa ndipo mpapai unapoingia.

Mpapai si mti wetu wa asili. Ulitoka Amerika ya Kati, ukasambaa na meli za Wareno na Wahispania. Lakini ukishapita vizazi kadhaa mahali, mti hupata uraia. Jikoni mwetu kila mama anajua kwamba nyama ya mbuzi mzee, ikisuguliwa papai bichi au ikifungwa katika majani yake, hulainika kabla hata ya kuona moto. Ule utomvu mweupe, ambao watu huuita maziwa ya papai, una vimeng'enya vinavyokata nyama vipande vidogo vidogo. Mkuu wao ni papaini. Viwanda vya ng'ambo viliitaka kwa kulainisha nyama, na watengenezaji wa bia waliitumia tangu mwaka 1911 ili bia isifanye ukungu inapopozwa. Tanganyika ikawa miongoni mwa nchi zilizouza papaini nyingi duniani, pamoja na Kongo, Uganda na Ceylon, na Jimbo letu la Kaskazini lilikuwa na sehemu yake katika biashara hiyo.

Mama yangu alifanya kazi hiyo mwishoni mwa miaka ya 1950, katika shamba la mlowezi mmoja huko tambarare. Nilimfuata mara nyingi. Waligema asubuhi na mapema, kabla jua halijakausha utomvu. Papai likiwa bado la kijani lilichanjwa mistari mitatu au minne isiyo ya kina, kutoka juu kwenda chini, kwa mwanzi ulionolewa. Kisu cha chuma hakikuruhusiwa kwa kuwa kilichafua rangi ya mali. Chini ya matunda kilifungwa kitambaa kuzunguka shina, kama mwavuli uliopinduliwa, na maziwa yakadondokea humo. Baada ya muda mfupi yaliganda, wakayakwangua, yakapelekwa kukaushwa na kupakiwa katika madebe. Baada ya siku chache walirudi kwenye papai lile lile na kulichanja upya katikati ya makovu ya kwanza. Sisi watoto tuliruhusiwa kula yale yaliyoiva na makovu yake. Yalikuwa matamu.

Ninachokikumbuka zaidi ni vidole vya mama. Maziwa yale yalimla ngozi. Ncha za vidole zilikuwa nyekundu na laini, na jioni alizipaka mafuta ya ng'ombe kabla ya kuumenya mhogo. Wenzake walikuwa vivyo hivyo. Siku ya malipo karani aliwataka waweke dole gumba kwenye wino, na alama iliyotoka ilikuwa doa tu, haina mistari. Karani aligombeza, akadhani wanafanya haraka. Hapakuwa na mtu wa kumweleza kwamba kinacholainisha nyama ya mbuzi hakibagui nyama.

Wakati akina mama wakigema, watu wengine katika nchi nyingine walikuwa wakiuliza maswali juu ya maziwa yale yale. Mwaka 1941 Eugene Jansen na A. K. Balls, huko Marekani, walitenga ndani ya utomvu kimeng'enya kingine, wakakiita kimopapaini. Mwaka 1956 daktari Lewis Thomas alichapisha habari ya kuchekesha. Alikuwa amewadunga sungura papaini katika mshipa wa damu, na masikio yao yaliyokuwa wima yakaanguka kama majani yaliyonyauka. Baada ya siku chache yakasimama tena. Papaini ilikuwa imeiyeyusha gegedu ya masikio, bila kuwaua wanyama wenyewe.

Wengi walicheka. Lyman Smith, daktari bingwa wa mifupa katika jimbo la Illinois, hakucheka. Aliwaza: kiini cha diski nacho kimejengwa kwa vitu vinavyokaribiana na vya gegedu. Ikiwa maziwa ya papai hulaza sikio la sungura, je, hayawezi kukiyeyusha kiini kinachobana mshipa, bila kuchana mgongo? Alijaribu kwa wanyama, na mwaka 1963 akamdunga binadamu wa kwanza. Mwaka 1964 alichapisha matokeo. Mgonjwa alilazwa kwa ubavu, sindano ndefu ikaongozwa kwa picha za eksirei mpaka katikati ya diski, kiasi kidogo cha kimopapaini kikaingizwa, na kazi ikawa imekwisha. Kilichobaki kwenye ngozi ni tundu la sindano.

Sidai kwamba kichupa cha daktari yule kilikuwa na maziwa ya tambarare yetu. Lakini mti ni ule ule, maziwa ni yale yale, na kazi yake ndani ya mgongo wa mgonjwa wa Illinois ilikuwa ile ile iliyofanyika kwenye ncha za vidole vya mama yangu.

Historia ya sindano hiyo haikuwa nyoofu. Mwaka 1975 jaribio la Marekani halikuonyesha kwamba ilipita sindano ya kulinganishia isiyo na kimopapaini, na kampuni ikaondoa ombi lake la kibali. Wagonjwa wa Kimarekani wakavuka mpaka kwenda kudungwa Kanada. Majaribio mengine yaliyofanywa kwa uangalifu zaidi yalionyesha kwamba inasaidia kweli, ingawa si kwa kiwango cha kisu, na mwaka 1982 Marekani ikaruhusu. Ndipo likaja kosa ambalo kila mwalimu analijua: darasa lilijazwa kabla walimu hawajafunzwa vya kutosha. Makumi ya maelfu walidungwa kwa muda mfupi, wengine na madaktari waliokuwa wamejifunza kwa siku chache tu. Kwa wagonjwa wachache, mwili ulikataa papai kwa mzio mkali uliotishia maisha. Kwa wachache zaidi sindano ilikosea njia, dawa ikaingia ndani ya utando unaofunika mishipa ya fahamu, na mtu akavuja damu au akapooza. Walikuwapo waliokufa. Uwiano wao ulikuwa mdogo, lakini habari ya aliyepooza kwa sindano iliyoahidi usalama husafiri mbali kuliko habari za mia waliopona. Madaktari wakaiacha polepole, na mwaka 2003 utengenezaji wa dawa hiyo ukakoma.

Je, ilikuwa bure? Sioni hivyo. Sindano ile iliwathibitishia wapasuaji kwamba diski yaweza kufikiwa bila kubomoa ukuta. Mwaka 1975 Hijikata wa Japani alipitisha mrija mwembamba kutoka ubavuni na kuinyofoa diski kupitia humo. Mwaka 1977 Caspar wa Ujerumani na Yaşargil aliyefanya kazi Uswisi waliandika, kila mmoja kwa upande wake, juu ya kuitumia hadubini katika upasuaji wa diski, hivyo mkato wa sentimita chache ukatosha. Mwaka 1997 Foley na Smith, Wamarekani, walieleza njia ya kuitanua misuli kwa mirija iliyoingizwa mmoja juu ya mwingine, badala ya kuibandua, na kuiona kazi kwa kamera ndogo. Na wazo la Lyman Smith lenyewe halikufa. Mwaka 2018 Japani iliidhinisha sindano nyingine ya kuyeyusha kiini, ambayo kimeng'enya chake hutoka kwa bakteria na hakigusi nyama kama kile cha papai. Mpapai ulistaafu, swali likabaki kazini.

Nisizidishe chumvi. Mkato mdogo hauna uchawi. Misuli huumia kidogo, damu hupotea kidogo, na mgonjwa hurudi nyumbani mapema. Lakini baada ya mwaka mmoja au miwili, mguu wa aliyepasuliwa kwa tundu na wa aliyepasuliwa kwa njia ya wazi, kwa mikono mizuri yote miwili, huwa sawa au karibu sawa. Tena wengi wenye diski iliyotokeza hupona bila kisu wala tundu, katika wiki sita hadi kumi na mbili, kwa dawa za maumivu, mazoezi na kuendelea kutembea, kwa kuwa mwili wenyewe hukila polepole kile kiini kilichotoka. Kisu kidogo kuliko vyote bado ni kile kisichotumika.

Hapa kwetu nako mambo yalisogea. KCMC ilifunguliwa Moshi mwaka 1971. Katika viwanja vyake, tangu mwaka 1981, kipo chuo kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na mikanda ya mgongo, na wanafunzi hutoka nchi nyingi za Afrika. Dar es Salaam, Taasisi ya Mifupa Muhimbili ilianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1996, na kuanzia mwaka 2008 wapasuaji wa ubongo na mgongo kutoka New York wamekuwa wakija kufanya kazi na kufundisha pamoja na wenyeji. Kizazi changu kilipokuwa shuleni, kumpeleka mtu kupasuliwa mgongo kulimaanisha ndege na nchi ya watu. Leo kwa wengi kunamaanisha basi.

Lakini umbali wa hospitali ukipungua, umbali wa neno lile la ukoo haupungui wenyewe. Mwaka 2013 mdogo wangu, aliyefanya kazi ya njia ya reli kisha akageukia mpunga, alianza kuumwa mguu wa kushoto. Alificha miezi minne. Alikwenda kwa mtu anayekanyaga migongo, akakanyagwa, akazidi. Siku niliyomwona akiburuta kandambili, kidole kimeelekea chini, nilimuuliza tangu lini. Akasema, "Kaka, huu mguu naona si wangu tena."

Alipigwa picha ya MRI, ikaonyesha kiini kimetoka na kuubana mshipa. Daktari kijana, baada ya kutuamkia, alitueleza kwa utulivu kwamba maumivu peke yake yangeweza kusubiri, lakini mguu unaopoteza nguvu hausubiri vizuri. Ukoo ukakutana. Dada yetu mkubwa, ambaye naye alipata kugema papai na mama, alisema neno lile: atapooza. Nilimwambia, "Dada, anapooza sasa hivi, na hakuna aliyemgusa kwa kisu." Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza swali ambalo nalihesabu kuwa bora kuliko yote yaliyoulizwa siku ile: "Hao madaktari wanajua ilipo, au wanakwenda kutafuta?"

Nilimwonyesha ile picha, nikamwekea kidole mahali penyewe. Wapasuaji wa zamani walikwenda kutafuta. Hawa walikuwa wanajua ilipo. Miaka yote niliyoisimulia hapo juu, tangu Boston hadi sungura wenye masikio yaliyolala, ilikuwa ni miaka ya kuhama kutoka neno la kwanza kwenda neno la pili.

Mchango ulipitishwa, mdogo wangu akapelekwa Dar es Salaam. Walimchana kiasi cha sentimita tatu, chini ya hadubini. Siku ya pili alisimama. Maumivu ya mguu yaliisha karibu papo hapo. Nguvu ya kisigino na kifundo ilirudi kwa miezi, lakini kidole gumba hakijarudi chote mpaka leo, na daktari alikwisha kutuambia kwamba mshipa uliobanwa muda mrefu hulipa deni lake pungufu. Anapanda baiskeli. Mpunga amewaachia watoto.

Huwa nawaza juu ya mpapai na sisi. Tulikuwa na mti, na tulikuwa na mikono. Akina mama walijua, kabla ya Illinois, kwamba maziwa yale hula nyama. Walilijua jikoni na walilijua kwenye vidole. Walichonyimwa ni nafasi ya kuuliza swali linalofuata: kama yanakula hiki, yatakula nini kingine, na yataacha nini? Maarifa hayakuanza maabara. Yalianzia kwa mtu aliyeangalia jambo la kawaida, kisha akapewa wakati, vyombo na watu wa kubishana nao. Mzigo wa kugema ulikuwa kwa mgongo wetu, na tiba ya mgongo ikakaa miaka mingi upande wa pili wa bahari. Silalamiki. Nasema ndiyo sababu niliwasisitizia walimu wanafunzi kwamba somo la sayansi lisilofika jikoni halijaanza.

Kuhusu neno la ukoo, nashauri tusilitupe, maana lilizaliwa na uchungu wa kweli. Tulibadilishe liwe maswali. Mgonjwa wenu akiambiwa habari za kupasuliwa mgongo, awe kwa mkato mrefu au kwa tundu, muulizeni daktari haya matatu. Je, mahali panapoonekana pabaya kwenye picha panalingana na mahali anapoumia, maana migongo mingi ya wazee ina kasoro kwenye picha na haiumi? Je, tumekwisha kuupa mwili wiki zake za kujitibu? Na tukiendelea kusubiri, ni kitu gani kitapotea ambacho hakitarudi? Ila mguu ukilegea, au mtu akashindwa kuzuia mkojo, au akafa ganzi sehemu anayokalia, maswali yaacheni, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Maswali hayo hayahitaji shahada. Yaandikeni nyuma ya kadi ya kliniki, mwende nayo.